Nani Amteue Tabibu? Historia ya Upimaji wa Majeraha ya Kazi, kwa Kuangalia Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Mengi yameandikwa juu ya historia ya kazi mashariki mwa Kongo: uandikishaji wa vibarua, mishahara, kambi za migodi na adhabu. Machache yameandikwa juu ya tukio moja dogo ambalo huamua maisha ya mtu kwa miaka mingi, nalo ni pale mfanyakazi aliyeumia kazini anaposimama mbele ya daktari ili kilema chake kipimwe na kuandikwa kwa asilimia. Asilimia hiyo ndiyo huamua kama atalipwa fidia, atalipwa kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa hiyo swali la nani anamteua daktari huyo si la utaratibu tu. Ni swali la haki.

Makala hii inakusudia kulifuatilia swali hilo kihistoria, kwa kuangalia hasa wilaya ya Fizi na mji wa Baraka katika Kivu Kusini. Fizi ni wilaya yenye sekta nne, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Inaanzia kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika na rasi ya Ubwari, inapanda milimani, kisha inateremka upande wa magharibi hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Wakazi wake walio wengi ni Wabembe, na Kiswahili ndicho lugha yao ya soko, ya ibada na ya kazi. Tangu enzi ya ukoloni watu wa huku wamekuwa wakitoka kwenda kufanya kazi za ujira mbali na kwao, na baadhi yao wamerudi na vilema.

Hoja yetu ni kwamba kutoegemea upande si tabia njema ya daktari peke yake. Daktari mwadilifu anaweza kuwekwa mahali ambapo uadilifu wake hauaminiki, na huenda hata yeye mwenyewe asitambue jinsi anavyovutwa. Historia inaonyesha kwamba mambo matatu ndiyo yanayoamua: nani anamteua mpimaji, nani anamlipa, na nani ana haki ya kumkataa.

2. Matabibu wawili, huru na waadilifu

Si sahihi kudhani kwamba fikra ya kukipima kiungo kilichopotea ililetwa katika nchi za Waswahili na sheria za Ulaya. Sheria ya Kiislamu, iliyofika katika pwani yetu karne nyingi kabla ya ukoloni na kuingia bara pamoja na misafara ya biashara, ilikuwa na jedwali lake. Diya kamili ya mtu ni ngamia 100. Mikono miwili hulipiwa diya kamili, mkono mmoja nusu yake, na kila kidole ngamia 10, kiwe kidole gumba au kidole cha mwisho. Kwa jeraha lisilotajwa katika jedwali, hakimu hana budi kulikadiria kwa msaada wa watu wenye ujuzi.

Je, watu hao wenye ujuzi walitakiwa kuwa na sifa gani? Kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, kilitegemewa sana na makadhi wa madhehebu ya Shafi katika Afrika Mashariki. Katika mlango wa wasia kinazungumzia mgonjwa ambaye haijulikani kama ugonjwa wake ni wa kufisha. Kinasema kwamba jambo hilo halithibiti ila kwa kauli ya matabibu wawili walio huru na waadilifu. Hapa hatuzungumzii ajali ya kazini, lakini mantiki ni ileile: mali ya watu inategemea kauli ya mjuzi, na sheria inauliza mjuzi huyo ni nani.

Masharti hayo yanastahili kuangaliwa moja moja. Wawili, kwa sababu kauli ya mmoja haina wa kuisahihisha. Waadilifu, maana yake mwenendo wao unajulikana na jamii. Huru, maana yake si watumwa. Sharti hili la tatu lilizaliwa katika jamii iliyokubali utumwa, na kwa upande huo lilikuwa dhuluma, kwani lilimnyima mtumwa kauli yake mahakamani. Hata hivyo ndani yake mna fikra ambayo tutaihitaji huko mbele: mtu aliye chini ya mkono wa mwingine hawezi kuwa mpimaji wa jambo linalomhusu yule anayemmiliki.

Hii haina maana kwamba kila shauri la Baraka au Ubwari liliamuliwa kwa kitabu hicho. Wabembe walikuwa, na bado wanacho, kikao chao cha lubunga, ambapo wazee husikiliza magomvi mbele ya watu. Katika lubunga aliyeumia huonyesha jeraha lake hadharani na kila mmoja huliona. Njia hizo mbili zinatofautiana sana, lakini zinakutana katika jambo moja: hakuna hata moja iliyomwachia mdaiwa amchague mjuzi peke yake na faraghani.

3. Daktari wa mwajiri: kanuni ya 1897 na safari yake

Sheria za kisasa za fidia zilizaliwa viwandani Ulaya. Ujerumani ilitunga sheria yake ya bima ya ajali mwaka 1884, Uingereza mwaka 1897, Ufaransa mwaka 1898 na Ubelgiji tarehe 24 Desemba 1903. Sheria hizo zilimwondolea mfanyakazi mzigo mzito wa kuthibitisha kosa la mwajiri. Ilitosha kuonyesha kwamba ameumia kazini. Lakini mzigo ulipoondoka kwenye kosa ulihamia kwenye mwili. Ugomvi haukuwa tena juu ya nani aliyekosea, bali juu ya mambo matatu ya kitabibu: je, maumivu haya yametokana na kazi au ni ugonjwa wa zamani? Je, jeraha limekwisha kutulia, kiasi kwamba halitapona zaidi wala kuzidi? Na je, nguvu ya kufanya kazi iliyopotea ni kiasi gani?

Kwa maswali hayo yote, anayejibu ni daktari. Sheria ya Uingereza ya 1897 ilimtaka mfanyakazi aliyeumia akubali kupimwa na daktari aliyeletwa na kulipwa na mwajiri. Akikataa, haki yake ya fidia ilisimamishwa. Kama hakuridhika, aliweza kwenda kwa daktari mwamuzi aliyeteuliwa na serikali. Sheria ya Ubelgiji ya 1903 ilikwenda mbali zaidi: mwajiri aliyeanzisha huduma ya matibabu kwa gharama yake mwenyewe alimwondolea majeruhi hiari ya kumchagua daktari. Yaani aliyejenga zahanati alipata pamoja nayo mamlaka juu ya uchunguzi.

Mfano ulio mbaya zaidi ulitokea Afrika Kusini. Vumbi la migodi ya dhahabu ya Witwatersrand lilikuwa likiwaua wachimbaji kwa maradhi ya mapafu, na mwaka 1916 serikali iliunda ofisi ya madaktari wa kudumu wasioajiriwa na migodi ili wawapime wachimbaji. Lakini madaktari hao waliwapima Wazungu. Wachimbaji Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi, waliendelea kupimwa na madaktari wa migodi yenyewe. Miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa na mawakala wa migodi hiyo katika miaka ya baadaye walikuwamo watu wa kusini mwa Tanganyika. Hivyo nchi moja, ugonjwa mmoja na shimo moja vilikuwa na wapimaji wa namna mbili, na rangi ya mgonjwa ndiyo iliyoamua aende kwa yupi.

Makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki yalipata sheria zao za fidia katika miaka ya 1940: Kenya na Uganda mwaka 1946, Tanganyika mwaka 1948. Wakati huo huo Uingereza yenyewe ilikuwa ikiiacha njia yake ya kale. Sheria yake mpya ya 1946, iliyoanza kutumika Julai 1948, ilimwondoa mwajiri katika upimaji na kuukabidhi kwa mabaraza ya madaktari wa umma, juu yake pakiwa na mahakama ya rufani ya kitabibu. Lakini sheria zilizopelekwa kwetu zilikuwa za mtindo uleule uliokuwa ukizikwa London. Vazi lililochakaa kwa mwenyewe lilipewa mtumishi kama zawadi.

4. Munganga wa kampani

Tuje sasa Kongo. Hapa msomaji wa Kiswahili cha pwani atahitaji neno la maelezo. Pwani, mganga ni mtu wa dawa za miti na ramli, na mwenye shahada ya chuo huitwa daktari. Katika Kiswahili cha Kongo mambo ni tofauti: munganga ndiye daktari wa hospitali. Neno la zamani lilipanuliwa likamchukua mgeni, na pamoja na neno hilo mgeni alirithi matarajio ya kale, kwamba mganga humtumikia mgonjwa aliyemwendea.

Matarajio hayo hayakulingana na hali katika kambi za kazi. Kampuni ya Union Minière ya Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na Minière des Grands Lacs, iliyochimba dhahabu katika Kivu, mwaka 1923. Reli ya Maziwa Makuu ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915, na mji huo ukapata bandari yake na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Wabembe walivuka kwenda Kalemie, na wengine walipanda kwenda migodini Kamituga. Makampuni makubwa yalijenga hospitali, na hapana budi kukiri kwamba hospitali hizo ziliokoa maisha ya wengi. Tangu mwaka 1928 Union Minière ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, na tiba nzuri ilikuwa nguzo moja ya siasa hiyo.

Lakini daktari yuleyule alikuwa na kazi nyingi zilizogongana. Alimpima mwanamume siku ya kuandikwa ili aseme kama anafaa. Alimtibu alipougua. Aliamua siku ya kumrudisha kazini. Na mguu ulipovunjika chini ya jiwe, yeye ndiye aliyesema umepona au haukupona. Kila jibu alilotoa liliingia katika hesabu za bwana mmoja. Si lazima tumwone kuwa mtu mbaya. Inatosha kuona kwamba hakuwa tabibu huru kwa maana tuliyoitaja hapo juu.

Sheria nayo ilitenganisha miili. Fidia ya ajali na maradhi ya kazi kwa wafanyakazi Wazungu wa Kongo ya Kibelgiji iliwekewa dekreti mwaka 1945. Kwa wafanyakazi wenyeji ilikuja dekreti nyingine, ya tarehe 1 Agosti 1949. Mahali ambapo sheria yenyewe inatumia mizani miwili, mpimaji hawezi kuwa wa haki hata akitaka, kwani mkono uleule uliokatwa na mashine ileile una bei mbili kabla hajaufungua bandeji.

5. Baada ya 1961

Tarehe 29 Juni 1961, siku moja kabla ya uhuru kutimiza mwaka, Kongo ilitunga sheria moja ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wote na kuunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS. Ajali na maradhi ya kazi yalipewa tawi lake, ambalo mchango wake wa asilimia 1.5 ya mshahara ulikuja kubebwa na mwajiri peke yake. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Anayelipa fidia sasa si mwajiri bali mfuko wa umma, na kwa hiyo sababu ya mwajiri kuyapunguza majeraha ilidhoofika. Mwaka 1967 Kongo iliridhia pia Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao kifungu chake cha 23 kinampa mdai haki ya kukata rufani akinyimwa mafao au asiporidhika na kiasi chake. Sheria ya Julai 2016 iliuandika upya mfumo mzima, na mwaka 2018 INSS ikawa Kasha la Taifa la Hifadhi ya Jamii, CNSS.

Hata hivyo mfuko nao ni upande katika shauri. Kila asilimia inayoongezwa inatoka katika hazina yake, na daktari mshauri wa mfuko wowote duniani anaajiriwa na yule anayelipa. Kwa hiyo swali la 1897 halikufa, lilibadilisha anwani. Mfanyakazi asiporidhika anaweza kufika kwa mkaguzi wa kazi, na baadaye mahakamani. Sheria ya Oktoba 2002 iliunda mahakama za kazi, na kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai za mwaka 1960 humruhusu hakimu kumteua mtaalamu wa kumsaidia.

Lakini sheria ilipita juu ya Fizi kama ndege apitavyo juu ya ziwa. Uasi wa 1964 uliligeuza eneo hili kuwa uwanja wa vita. Kuanzia 1967 hadi miaka ya 1980 milima ya Fizi ilikuwa ngome ya wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila huko Hewa Bora, na dola haikuwa na mkono wa kutosha huko. Zilifuata vita vya 1996 na 1998. Maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Kigoma, wengi wao wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, na tangu mwaka 2005 boti za wanaorejea zilianza kutia nanga Baraka. Anayekimbia usiku hachukui hati ya malipo ya mwaka uliopita wala cheti cha daktari. Katika shauri la fidia, mtu wa namna hii anafika na mwili wake tu kama ushahidi, na neno la mpimaji linazidi kuwa zito.

6. Njia za majirani

Yafaa kuangalia majirani wamelijibu vipi swali hili. Uganda, katika Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000, iliweka Baraza la Usuluhishi wa Kitabibu. Mwajiri na mfanyakazi wasipoafikiana juu ya kiasi cha kilema, ofisa wa kazi hulipeleka shauri huko. Kenya, katika sheria yake ya 2007, iliyaondoa madai haya katika hatua ya kwanza ya mahakama na kuyaweka mikononi mwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mabishano juu ya uhalali wa njia hiyo yalidumu miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo umejitahidi kuwafundisha madaktari wa mikoani namna ya kukadiria ulemavu, ili kipimo cha Kigoma kisitofautiane na cha Dar es Salaam.

Njia hizi tatu zina mantiki tatu. Uganda inategemea baraza, yaani wingi wa macho. Kenya inategemea ofisi ya umma. Tanzania inategemea kipimo kimoja kilichofundishwa kwa wengi. Hakuna iliyo kamilifu, lakini zote zinakubali kwamba daktari wa upande mmoja hatoshi.

7. Fizi ya leo: uhaba, dhahabu na lugha

Je, njia hizo zinaweza kutumika Fizi? Kizuizi cha kwanza ni uhaba. Hospitali ya Kimethodisti ya Nundu na hospitali za Baraka na Fizi zina kazi tele ya kutibu. Shirika la Médecins Sans Frontières lilifanya kazi Baraka tangu 2003, likaondoka mwishoni mwa 2020 kwa sababu za usalama. Mahali penye madaktari wachache, aliyemtibu majeruhi ndiye anayeombwa pia ampime. Maadili ya udaktari yanatahadharisha dhidi ya kuchanganya kazi hizi mbili, kwa sababu mtibu ana wajibu kwa mgonjwa wake na mpimaji ana wajibu kwa ukweli tu. Mtibu anaweza kuongeza asilimia kwa huruma, au kuipunguza ili asionekane kwamba tiba yake haikufaulu.

Kizuizi cha pili ni dhahabu. Machimboni Misisi wengi wanachimba kwa mikono, chini ya mwenye shimo ambaye wenyewe humwita pedeje. Hakuna mkataba ulioandikwa, wala mchango unaolipwa kwa mfuko. Shimo likibomoka, aghalabu ni hiari ya mwenye shimo kulipa gharama za tiba. Kwa watu hawa swali la nani amteue tabibu halijafikiwa bado, maana kabla yake kuna swali jingine: nani mwajiri? Historia ya Ulaya inatukumbusha kwamba hata huko sheria za kwanza ziliwaacha nje wafanyakazi wengi, wakaingizwa baadaye kidogo kidogo.

Kizuizi cha tatu kinatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Cheti cha daktari huandikwa kwa Kifaransa. Mfanyakazi husimulia ajali yake kwa Kiswahili au Kibembe. Kati ya simulizi na cheti kuna mtu anayefasiri, na mara nyingi mtu huyo ni msimamizi wa kazi aliyemleta majeruhi hospitalini, yaani mtu wa mwajiri. Tunaweza kumtafuta daktari asiyeegemea upande kwa bidii zote, kisha tukampa masikio ya upande mmoja. Zaidi ya hayo, mfanyakazi hawezi kukata rufani juu ya karatasi asiyoielewa. Kama haijulikani kwake kwamba neno fulani katika cheti linasema jeraha lake limekwisha kutulia, muda wa kupinga utapita huku yeye akisubiri kupona.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Tunayo fidia, kilema, ulemavu wa kudumu, kutulia kwa jeraha, mpimaji, mwamuzi na rufani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia mbele ya mtu mwenyewe.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba swali la kumteua mpimaji ni la kale kuliko viwanda, na kwamba majibu yake mabaya yote yanafanana: mdaiwa anamchagua mjuzi, anamlipa, na majeruhi hana uwezo wa kumkataa. Majibu yaliyo bora nayo yanafanana. Yanatenganisha kutibu na kupima. Yanamlipa mpimaji kutoka mfuko usiomilikiwa na upande wowote. Yanaongeza jicho la pili pale panapokuwa na ubishi.

Kwa Fizi na Baraka, haya hayahitaji mji mkubwa. Orodha ya madaktari wa wilaya na wa Uvira, iliyobandikwa mahali pa wazi na kufuatwa kwa zamu, ingemwondolea kila upande nafasi ya kuchagua rafiki. Haki ya kumkataa aliyepangwa, kwa sababu inayosemwa hadharani kama katika lubunga, ingeuliza lile swali la uhuru wa tabibu bila kumvunjia heshima. Mfasiri anapaswa kuwa mtu asiyeletwa na mwajiri. Na cheti kinapaswa kusomwa kwa Kiswahili mbele ya aliyeumia kabla ya kutiwa sahihi.

Watafiti wana kazi hapa. Wazee waliofanya kazi Kalemie na Kamituga wanazidi kupungua, na pamoja nao yanatoweka maelezo ya jinsi walivyopimwa: nani alikuwapo chumbani, lugha gani ilitumika, na waliambiwa nini walipotoka. Maelezo hayo yakusanywe mapema, kwa Kiswahili chao wenyewe.